Asilimia ya ulemavu isiyo na maelezo isikubaliwe

Kwa Mhariri,

Tangu Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake tarehe 3 Desemba 2019 kuhusu Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wafanyakazi wengi wanaifahamu kwa jina la WIBA, mfanyakazi anayeumia kazini nchini Kenya hawezi tena kwenda moja kwa moja mahakamani kumdai mwajiri wake fidia. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo kimeifunga njia hiyo. Dai lake sasa linaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na mahakama inaingia baadaye tu, ikiwa kuna rufaa. Mvutano wa kisheria ulioanza mara tu sheria ilipoanza kutumika mwaka 2008, ukapitia Mahakama Kuu mwaka 2009 na Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, umekwisha, na mimi siandiki barua hii ili kuufufua. Naandika kuhusu jambo ambalo mvutano huo uliliacha pembeni, nalo ni karatasi ya daktari.

Zamani, daktari aliyeandika kwamba mfanyakazi amepata ulemavu wa kiwango fulani aliweza kuitwa kizimbani. Wakili wa upande wa pili alimuuliza amepima nini, kwa kifaa gani, na kwa nini ameandika asilimia 5 wala si 15. Hakimu alisikiliza, akawalinganisha madaktari wawili, kisha akatoa sababu za uamuzi wake. Utaratibu ule ulikuwa wa polepole na wa gharama, na mawakili wengine waliutumia vibaya, lakini ulimlazimisha daktari kujieleza. Katika utaratibu wa sasa ripoti ya daktari inasafiri peke yake kutoka hospitalini hadi ofisi ya leba, kutoka ofisi ya leba hadi kampuni ya bima, na kule inakokwenda hakuna anayeweza kuiuliza swali. Kwa hiyo maelezo ambayo zamani daktari aliyatoa kwa mdomo mbele ya hakimu hayana budi sasa kuwa ndani ya ripoti yenyewe. Ripoti nyingi nilizoziona katika miaka yangu ya kuwawakilisha wafanyakazi hazina maelezo hayo.

Uzito wa suala hili unaonekana mara tu mtu anapopiga hesabu. Kifungu cha 30 kinasema fidia ya ulemavu wa kudumu ikokotolewe kwa msingi wa mapato ya miezi 96, kwa kuzingatia viwango vya chini na vya juu anavyoweza kuweka waziri. Mfanyakazi anayelipwa shilingi 25,000 kwa mwezi ana msingi wa shilingi 2,400,000, na asilimia aliyoandikiwa na daktari ndiyo inayoamua atapata sehemu gani ya fedha hizo. Akiandikiwa asilimia 2, anapata shilingi 48,000. Akiandikiwa asilimia 10, anapata shilingi 240,000. Kwa maneno mengine, kila asilimia moja ina thamani inayokaribia mshahara wa mwezi mzima, na kanuni hiyo ni ile ile kwa mpakiaji wa ghalani na kwa meneja wake. Daktari anayeshusha asilimia 3 kwa sababu ana haraka amemnyima mtu karibu miezi mitatu ya chakula, kodi ya nyumba na karo, na huenda yeye mwenyewe asijue kamwe.

Nitatoa mfano mmoja ninaoujua kwa karibu. Dada mmoja, mshonaji katika kiwanda cha nguo za kuuzwa nje, alichomwa na sindano ya cherehani ya umeme katika kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Sindano ilivunjikia ndani. Ilitolewa, kidole kikaoza, akapasuliwa tena, na kilipopona kilikuwa kimekakamaa kwa sababu kano zilikuwa zimegandamana na kovu. Ripoti ya daktari aliyeteuliwa na kampuni ya bima ilikuwa na sentensi mbili: kwamba jeraha lilikuwa la tishu laini na limepona, na kwamba ulemavu wa kudumu ni asilimia 2. Hakukuwa na kipimo hata kimoja, wala haikutajwa popote kwamba mwenye kidole hicho ni mshonaji.

Tulimpeleka katika hospitali ya umma kwa daktari wa mifupa. Yeye alichukua kifaa cha kupimia pembe ya kiungo, akakilaza juu ya kifundo cha kati cha kidole na kumwambia akunje kadiri awezavyo. Kifundo hicho kwa mtu mzima huweza kujikunja hadi kiasi cha digrii 100. Chake kilikwama kwenye digrii 35. Akampima nguvu za kushika katika mikono yote miwili, akaandika tarakimu za kulia na za kushoto zikitazamana. Halafu akamwekea pini juu ya meza na kumtaka aiokote kwa gumba na kidole kile. Alijaribu, pini ikamponyoka, akaishia kuiokota kwa gumba na kidole cha kati. Daktari aliandika yote hayo kisha, mwishoni, akaandika asilimia 9 na sababu zake.

Sisemi kwamba daktari wa pili ana haki kwa kuwa tarakimu yake ni kubwa. Ninachosema ni kwamba ripoti yake inaweza kujadiliwa. Daktari mwingine anaweza kuchukua kifaa kile kile, akapima kifundo kile kile, na kusema kwamba digrii ni 50 wala si 35, au kwamba digrii ni sawa lakini asilimia ni kubwa mno ikilinganishwa na kiwango ambacho sheria imekiweka kwa mtu aliyepoteza kidole kizima. Ripoti ya kwanza haiwezi kujadiliwa na yeyote, kwa sababu hakuna cha kushika ndani yake. Na ilikuwa ripoti ya kwanza iliyotumika kupendekeza malipo.

Hapa inafaa kueleza namna sheria yenyewe ilivyopangwa, maana wafanyakazi wengi, na hata baadhi ya madaktari, wanadhani asilimia hutolewa kichwani. Jedwali la Kwanza la WIBA linaorodhesha majeraha na kiwango cha ulemavu cha kila moja. Aliyepoteza uwezo wote wa kuona au mikono yote miwili amehesabiwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100, na kuanzia hapo viwango vinashuka hadi kwenye pingili za vidole. Jedwali hilo ni rahisi kulitumia pale kiungo kinapokatika, kwa sababu kilichokatika kinaonekana. Lakini majeraha mengi ya viwandani na bandarini hayakati kiungo. Yanakiacha mahali pake kikiwa hakifanyi kazi ipasavyo: bega lisilopanda juu ya sikio, goti lisilobeba uzito kwenye ngazi, kiganja kilichokufa ganzi. Kwa majeraha yasiyotajwa, sheria inamwachia Mkurugenzi aamue asilimia isiyopingana na mwongozo wa Jedwali, na Mkurugenzi hana namna nyingine ya kuamua ila kwa kusoma alichoandika daktari.

Kuna kipengele kingine katika kifungu hicho cha 30 ambacho ningependa kila mwakilishi wa wafanyakazi akikariri. Kinasema kwamba ikiwa jeraha lina athari kubwa isiyo ya kawaida kwa mfanyakazi kutokana na aina mahususi ya kazi yake, Mkurugenzi anaweza kuweka asilimia ya juu zaidi anayoona ni ya haki. Waliotunga sheria walitambua kwamba kidole cha shahada cha mshonaji si sawa na kidole cha shahada cha mlinzi wa lango, ingawa daktari akivipima atapata digrii zile zile. Kipengele hicho ni cha haki kabisa, na sijaona kikitajwa hata mara moja katika madai niliyoyashughulikia. Sababu yake ni nyepesi kuielewa: hakuna aliyemweleza Mkurugenzi kazi ya mtu huyo inadai nini. Neno "kibarua" au "mfanyakazi wa kawaida" katika fomu ya kuripoti ajali halielezi kitu. Mwajiri ndiye anayejaza sehemu ya kwanza ya fomu, naye hana sababu ya kuongeza sentensi itakayompandishia gharama. Daktari anajaza sehemu yake bila kuuliza. Mfanyakazi anatia sahihi au kidole gumba pale anapoonyeshwa.

Majeraha ya mgongo yanahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayozua ugomvi mwingi. Mpakiaji anayebeba magunia anainama siku moja, anasikia kitu kikivutika kiunoni, na kuanzia siku hiyo maumivu yanashuka hadi mguuni. Akipigwa picha ya MRI, diski za uti wa mgongo zinaonekana zimechakaa. Daktari wa bima anaandika kwamba hayo ni mabadiliko ya umri, na dai linafia hapo. Wakili wa mfanyakazi naye anaipeperusha picha hiyo hiyo kama ushahidi kamili kwamba kazi ndiyo iliyomharibu. Wote wawili wanaitwika picha mzigo usioweza kuubeba. Inajulikana katika tiba kwamba watu wengi wasio na maumivu yoyote, hasa waliovuka umri wa miaka 40, wana diski zilizochakaa zikipigwa picha. Kwa hiyo picha peke yake haithibitishi kwamba gunia ndilo lililoumiza, wala uchakavu hauthibitishi kwamba gunia halikuumiza.

Kinachosaidia ni mambo ambayo daktari mwangalifu huyauliza na kuyaandika. Je, mtu huyu alikuwa akibeba mizigo bila tatizo hadi siku ya ajali? Je, kadi zake za zahanati za miaka iliyotangulia zinataja mgongo? Je, maumivu ya mguuni yanafuata mkondo wa mshipa wa fahamu ambao diski inayoonekana kwenye picha inaweza kuubana? Je, misuli ya mguu huo imepungua unene ikipimwa kwa utepe na kulinganishwa na ya mguu wa pili? Daktari anayejibu maswali hayo anaweza kufikia uamuzi unaomkasirisha mfanyakazi, na bado nikauheshimu.

Kuhusu masikio nitasema machache, ingawa yanastahili barua yake. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika saa 24. Uziwi wa kelele kwa kawaida huanza kuonekana katika sauti kali za karibu na hezi 4,000, na mchoro wa kipimo cha usikivu unaweza kumsaidia mtaalamu kuutofautisha na uziwi wa uzee. Lakini mchoro mmoja uliochukuliwa baada ya miaka 20 kiwandani hauonyeshi mtu alianza na masikio gani. Mwajiri aliyempima mfanyakazi wake alipomwajiri, na akaendelea kumpima, ana ushahidi. Asiyempima asipewe nafasi ya kujinufaisha na pengo alilolisababisha mwenyewe kwa kudai kwamba uziwi huo ulitoka nyumbani.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba tatizo liko kwa anayemlipa daktari, na ni kweli kwa sehemu. Nchini mwetu mwajiri anakata bima kwa kampuni binafsi, na kampuni hiyo ina madaktari inaowatumia mara kwa mara. Daktari anayetegemea kazi za kampuni moja mwezi baada ya mwezi yuko katika hali ngumu hata akiwa mtu mwadilifu. Lakini haki inanilazimisha kuongeza kwamba wapo pia madaktari wanaojulikana na mawakili wa madai kwa ukarimu wao wa asilimia, ambao ripoti zao zinafanana neno kwa neno isipokuwa jina la mgonjwa. Hao nao wamewaumiza wafanyakazi, kwa sababu afisa aliyekwisha kusoma ripoti kama hizo mara nyingi anaanza kuishuku hata ya mtu aliyeumia kweli. Dawa ya pande zote mbili ni moja, nayo ni kudai sababu na vipimo kutoka kwa kila daktari, bila kujali ametumwa na nani.

Majirani zetu Watanzania wamechukua njia nyingine. Mfuko wao wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, ni wa umma na unachangiwa na waajiri, na mwenye ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi badala ya fedha za mkupuo. Mfuko huo pia umekuwa ukiwafundisha madaktari namna ya kufanya tathmini ya ulemavu unaotokana na kazi. Sidai kwamba kila kitu huko kinakwenda sawa, na huko nako asilimia 30 na asilimia 31 zinatenganisha maisha mawili tofauti, jambo ambalo linaufanya usahihi wa daktari kuwa muhimu zaidi. Ninachokitamani kutoka kwao ni hilo la mafunzo. Daktari wetu anasomea kuponya. Kupima kilichobaki baada ya kupona, na kukilinganisha na jedwali la kisheria, ni ujuzi wa pekee ambao wengi wanalazimika kujifundisha wenyewe.

Wafanyakazi nao wana sehemu yao. Ushahidi wa daktari huanza siku ya ajali, dakika ile karani wa mapokezi anapouliza kilichotokea. Mtu akisema tu "nimekatwa", karani ataandika jeraha la kukatwa, na miezi minane baadaye kampuni ya bima itauliza ni nani anayejua kama alikatwa kiwandani au jikoni kwake. Aliyeumia, au mwenzake aliyempeleka, aseme wazi kwamba ni ajali ya kazini, ataje mashine na saa, na ahakikishe imeandikwa. Kadi ya siku ya kwanza, picha za eksrei, karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini na hati za mshahara zihifadhiwe pamoja nyumbani, wala zisiachwe zote kwa mwajiri wala kwa wakili. Mwajiri anatakiwa kuiripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Pia mfanyakazi asikubali kupimwa ulemavu wa kudumu wakati kidonda bado kinatoa usaha au mfupa haujaunga. Kwa kipindi hicho sheria imeweka malipo ya ulemavu wa muda, yanayoweza kuendelea hadi miezi 12, na haraka ya kufunga faili mapema humnufaisha anayelipa. Anapoitwa kwa daktari wa upande wa pili, sheria inamruhusu kuwa na daktari wake mwenyewe chumbani, ingawa kwa gharama yake, na natambua kwamba kwa kibarua haki hiyo iko karatasini tu.

Ombi langu ninalielekeza kwa Wizara ya Leba na kwa Mkurugenzi, na halihitaji Bunge kubadilisha sheria. Sehemu ya daktari katika fomu ya ajali ipanuliwe, imtake aandike kazi halisi ya mfanyakazi na anachokifanya kwa mikono yake kila siku, vipimo vya kiungo kilichoumia vikilinganishwa na cha upande wa pili, tarehe ambayo jeraha lilitulia, kipengele cha Jedwali la Kwanza alichokitumia au sababu ya kulinganisha na kipengele kingine, na maoni yake iwapo jeraha lina athari ya pekee kwa kazi hiyo. Ripoti isiyo na mambo hayo irudishwe kwa aliyeiandika, iwe imetoka kwa daktari wa bima au kwa daktari wa mfanyakazi. Pale ripoti mbili zinapotofautiana kwa kiasi kikubwa, mfanyakazi apimwe na daktari wa tatu wa hospitali ya umma, badala ya afisa kugawanya tofauti katikati kama watu wanaopatana bei sokoni.

Mwisho, mfanyakazi apewe nakala ya kila ripoti iliyoandikwa kuhusu mwili wake. Kifungu cha 51 kinampa siku 60 za kupinga uamuzi wa Mkurugenzi, Mkurugenzi ana siku 14 za kujibu, na baada ya jibu hilo zipo siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Nimekutana na watu waliokuja ofisini kwetu siku hizo zikiwa zimekwisha, wakiwa wanajua kiasi walichopewa lakini hawajawahi kuiona karatasi iliyokizaa. Nakala ya ripoti iambatanishwe na barua ya uamuzi, na mfanyakazi atie sahihi ya kuipokea, ili ijulikane ni siku gani hasa alipata cha kupinga.

Mwakilishi mstaafu wa wafanyakazi,
Changamwe, Mombasa